Nguzo ya Upande wa Kushoto

Jumanne saa tatu asubuhi paa la kliniki ya watoto lilianza kuvuja juu ya mizani. Nesi akaweka beseni, beseni likajaa. Akaweka ndoo, ndoo nayo ikajaa. Akatoka barazani, akatazama huku na huku, akaona mlango wa jirani uko wazi na ndani hamna mteja. Akawaambia akina mama wabebe watoto na kadi zao wahamie huko mpaka mvua ipungue.

Mlango huo ulikuwa wa studio ya Mzee Usipepese. Jina la kuzaliwa alikuwa nalo, lakini alikuwa amekaa nyuma ya kamera miaka arobaini na sita akiwaambia watu "usipepese", na watu wakaona hilo linamtosha. Siku hizi alikuwa anapiga picha za vitambulisho tu, nazo za kuhesabu kwa vidole, maana kila mtu anajipiga mwenyewe kwa simu. Ndani alikuwa na stuli moja, pazia la buluu, kioo chenye ufa na kitana kilichofungwa kwa kamba kisitembee na wateja. Na ukutani, kuanzia mlangoni mpaka kwenye sinki, alikuwa na picha arobaini na moja za bendi.

Hizo za bendi ndizo alizozipenda. Alizipiga ujanani, Jumamosi baada ya Jumamosi, katika ukumbi wa dansi ulio mwisho wa barabara. Zilikuwa nyeusi na nyeupe, kubwa kama sinia, kila moja katika fremu aliyoigonga kwa mkono wake. Kila asubuhi alizipangusa vumbi. Mteja akija, alimgeuzia stuli makusudi ili macho yaangukie ukutani, kisha akangoja aulizwe. Mteja alikuwa anauliza picha yake itakuwa tayari saa ngapi. Miaka thelathini na tano hilo ndilo swali lililoulizwa mbele ya ukuta ule. Mzee alikuwa akimwomba Mungu jambo moja, kwamba kabla hajaitwa, watu wazitazame.

Akina mama waliingia kumi. Walijibana, wengine wakakaa chini, na kwa kuwa hapakuwa na kingine cha kutazama, wakatazama picha. Hakikutokea kitu. Akaingia wa kumi na moja, aliyekuwa amechelewa kwa sababu kiatu kilinasa kwenye tope. Hakikutokea kitu. Mwisho akaingia nesi, daftari kichwani kama mwavuli, akainua macho kwenye picha ya juu ya sinki.

"Huyu wa dramu ana jasho, jamani," alisema, na bendi ikaanza kupiga.

Ilianza kama bendi zinavyoanza. Mtu wa besi alijaribu nyuzi mbili, mtu wa dramu akagonga vijiti mara nne, gitaa likaingia, na nyuma yake saksafoni, kwa sauti ndogo kidogo ya kitu kilichokaa muda mrefu ndani ya kioo.

Mzee Usipepese alielewa papo hapo. Bendi ile haikuwahi kuwapigia watu chini ya kumi na wawili. Kiongozi wake, aliyeitwa Tarumbeta, alikuwa na kawaida ya kuchungulia kwenye pazia na kuhesabu vichwa. Vikiwa kumi na kimoja, aliwaambia wanamuziki wakae wanywe soda. Na studio hii, tangu ifunguliwe, haikuwahi kuingia watu kumi na wawili kwa mpigo. Watoto wa mgongoni hawakuhesabiwa. Hata zamani, mlangoni pa ukumbi, hawakuhesabiwa.

"Kumbe muda wote walikuwa wananingojea mimi nilete watu," alisema, akatafuta pa kukaa.

"Mzee, ipunguze kidogo, nasikiliza kifua cha mtoto," alisema nesi.

"Sijui inapunguziwa wapi, mwanangu."

Nesi akafikiri. Akawaambia akina mama watano wageuze shingo watazame mvua. Bendi ikanyamaza. Akasikiliza kifua, akaandika kwenye kadi, akawaruhusu warudishe macho. Bendi ikaendelea kutoka pale ilipoachia.

Wimbo wenyewe kila mtu aliujua. Ulikuwa ule wa mwanamke anayemngoja mtu mpaka chai ikapoa mara tatu, na redioni hutangazwa kuwa umetungwa na kuimbwa na Tarumbeta, ambaye aliurekodi kwa sauti yake miaka ya baadaye. Kwenye picha Tarumbeta alikuwa katikati, mbele ya kipaza sauti, mdomo wazi, mkono kifuani. Lakini sauti haikutoka kwake. Ilikuwa sauti ya mwanamke, na ilitoka pembeni, upande wa kushoto, ndani ya nguzo nyeupe.

Picha zote arobaini na moja zilikuwa na nguzo hiyo mahali pale pale.

"Nguzo yenu inaimba," alisema mama mmoja.

"Na ina sauti tamu," alisema mwenzake, akamhamishia mtoto titi la pili.

Chumba cha pili, ukuta kwa ukuta, kilikuwa cha Mama Pasi. Huyu alikuwa mdogo wake Mzee Usipepese, mjane, dobi wa kliniki na wa nusu ya mtaa. Wakati ule alikuwa anakunja mashuka. Alisikia wimbo, akaendelea kukunja mpaka pembe zikakutana, maana shuka likiachwa nusu halinyooki tena. Kisha akaiweka pasi ya mkaa juu ya bati lake, akafuta mikono, akaenda kusimama mlangoni kwa kaka yake.

Alisikiliza ubeti wa kwanza wote. Kwenye ubeti wa pili nguzo ikakohoa.

"Hicho kikohozi changu," alisema Mama Pasi. "Wiki ile nilikuwa na mafua."

Akina mama wakamsogezea nafasi apite. Akaikaribia picha, akavaa miwani yake ya kushonea vifungo, akaitazama nguzo kuanzia juu mpaka chini.

"Ukumbi ule haukuwa na nguzo," alisema.

"Haukuwa," alijibu kaka yake.

Mvua ikapungua. Nesi akawaita akina mama warudi, mizani ilikuwa imeshakaushwa. Walipobaki kumi na mmoja bendi ikakata katikati ya neno, na wote walipotoka ndugu wawili wakabaki na harufu ya maziwa na nguo mbichi.

"Uliniambia taa za upande wa kushoto zilikuwa mbovu," alisema Mama Pasi. "Miaka yote hiyo. Nikauliza mbona simo kwenye picha, ukasema taa. Nikawa nakuonea huruma wewe na taa zako."

"Taa zilikuwa nzima."

"Haya, sema."

Mzee alisema. Hakuchukua muda, kwa sababu alikuwa amelipanga kichwani tangu zamani na hakuwahi kupata wa kumwambia. Tarumbeta alimwita baada ya dansi la kwanza, akamwambia watu wakimwona mwanamke anaimba wataanza kuuliza yeye Tarumbeta anafanya nini. Picha za kubandika nje ya ukumbi zisiwe na mwanamke. Kumkata kwa mkasi hakukufaa, kwa sababu picha ilipungua upande mmoja na Tarumbeta akaacha kuwa katikati. Basi mpigapicha akatumia wino mwekundu mzito, ule wanaoutumia mafundi kuficha madoa. Ukipaka wino huo juu ya filamu, mwanga haupiti, na kwenye karatasi pale panabaki peupe.

"Nguzo ni akili ya Tarumbeta?" aliuliza Mama Pasi.

"Hapana. Hiyo yangu. Niliona doa jeupe tupu lingekuwa baya."

"Ukaitia na kilemba cha nakshi juu."

"Na kivuli, upande huu. Wino mwepesi."

"Nakiona. Ni kazi safi, kaka," alisema Mama Pasi, kwa sauti ile anayomwambia mteja kwamba doa halikutoka. "Nyimbo natunga mimi, hapo kwenye karai, mikono imejaa povu. Naimba mimi. Wewe unakwenda nyumbani unanijengea nguzo."

"Angenifukuza ukumbini. Ningepiga picha wapi?"

"Na mimi angenifukuza ningeimba wapi? Lakini mimi sikukufunika wewe."

Mzee akatazama viatu vyake.

"Wino huo unatoka kwa maji?" aliuliza dada yake.

"Ya vuguvugu. Na sabuni kidogo."

"Basi yamekwisha. Mimi nimetoa damu za wodi ya wazazi kwenye mashuka meupe miaka thelathini, wino wako ni nini? Zioshe hizo filamu, unisafishie picha upya, nionekane. Sitaki kingine. Sitaki hata uniombe radhi, maana utalia na nina kazi."

"Nitaziosha."

"Lini?"

"Wiki hii hii."

Lakini wiki hiyo watu walikuja. Akina mama wa kliniki walikuwa wamewaambia majirani, majirani wakawaambia mafundi seremala wa nyuma, na maseremala wakaja kumi na watatu, mmoja wa akiba. Walimu wakaja wakati wa mapumziko. Kwaya mbili zikaja siku moja, zikatazamana vibaya, lakini zilipoona hakuna kwaya iliyotimiza kumi na wawili zikaingia pamoja na kutoka zimeelewana. Ikawa kawaida kukuta watu kumi na mmoja wamesimama barabarani wakiita, "Mmoja! Mmoja tu!" na mpita njia akavutwa mkono, akaingia na mkate wake, akasikiliza nyimbo tatu, akaenda zake.

Mzee Usipepese alitoa kwenye sanduku shati lake la mikono mirefu. Alishika fimbo ya pazia akawa anaelekeza. Alieleza namna alivyolala kifudifudi jukwaani kuipata ile picha ya miguu ya mpiga besi, na watu wakasema "ahaa". Alieleza jinsi alivyongoja usiku mzima mtu wa saksafoni afumbue macho. Watu walimwuliza maswali. Hakuna aliyeuliza picha itakuwa tayari saa ngapi. Walichouliza zaidi ni ile nguzo, ilijengwa kwa nini hasa mpaka ikawa na sauti ile, na Mzee alijibu kwamba ni kazi ya zamani, siku hizi haifanyiki.

Ijumaa alikuja Afisa Utamaduni. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye faili la plastiki, na kwa kuwa alikuwa ameshaambiwa utaratibu, alikuja na wafanyakazi kumi na mmoja wa ofisi. Walisikiliza picha sita. Afisa akasema ofisi yake ilikuwa inatafuta kitu cha namna hii. Ukumbi wa zamani upo, umepakwa rangi, umekaa bure. Picha zihamishiwe huko, zitundikwe moja kwa moja, viti viwekwe kumi na viwili kumi na viwili. Ufunguzi uwe Jumamosi ya wiki mbili zijazo, na mgeni rasmi awe Tarumbeta mwenyewe, ambaye barabara hii imepewa jina lake.

Mzee Usipepese aliitikia kila neno. Shingo ilimuuma jioni yake.

Mama Pasi aliingia akiwa na mikono ya maji.

"Mheshimiwa, hiyo sauti kwenye nguzo ni yangu. Na hizo nyimbo nimetunga mimi."

Afisa hakushtuka. Alimwomba aimbe kidogo. Mama Pasi akaimba ubeti mmoja, palepale, akiwa ameshika kibanio cha nguo. Wafanyakazi kumi na mmoja wakatikisa vichwa kwamba ni yenyewe, na picha ya saba, iliyokuwa inapiga wimbo ule ule wakati huo, ikaenda naye neno kwa neno.

"Hilo halina ubishi," alisema Afisa, akaandika kwenye faili. "Sauti ni yako, mama. Tatizo ni kadi."

"Kadi gani?"

"Chini ya kila picha tunaweka kadi ndogo. Inaandikwa wanaoonekana, jina na kazi ya kila mmoja. Ndivyo mwongozo unavyosema, wanaoonekana. Sasa hapa kushoto inaonekana nini?"

"Nguzo."

"Umeona. Ukionekana tutakuandika, mwimbaji na mtunzi, kwa herufi kubwa. Sina kinyongo na wewe hata kidogo."

Mama Pasi akamtazama kaka yake. Kaka yake akatazama fimbo ya pazia.

Zilikuwa siku kumi na tano, na filamu arobaini na moja, na maji ya vuguvugu. Siku za kwanza Mzee alisema fremu zinataka kugongwa upya. Zilipogongwa akasema vioo. Akasema maji yanakatika mchana, na Mama Pasi akamwonyesha mapipa yake manne, yamejaa mpaka mdomo. Akasema filamu ni kuukuu, ngozi yake ikilowa inaweza kubanduka. Hilo lilikuwa kweli kidogo, na Mzee akalishika hilo hilo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu ambaye kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa anangojewa, na aliogopa kugusa chochote.

Alhamisi, zikiwa zimebaki siku mbili, Mzee aliweka filamu ya picha ya saba juu ya meza ya kupigia pasi, ndani ya bahasha yake, akasema anakwenda kunyoa. Kichwani hakuwa na nywele za kunyoa. Mama Pasi hakumuuliza.

Alichemsha maji, akayapooza, akayapima kwa kiwiko kama ya mtoto mchanga. Akakwangua sabuni kwa kisu. Akachukua kipande cha flaneli laini, akamtaja Mungu, akaizamisha filamu. Hakusugua. Aliipapasa. Wino ulitoka kidogo kidogo, maji yakawa mekundu kama juisi ya rozela, na nguzo ikaondoka kwa mpangilio ule ule iliojengwa, kilemba, kisha kivuli, kisha kiwiliwili. Chini yake alikuwepo msichana wa miaka ishirini na mitatu, gauni la vidoto, kiganja kimoja sikioni, mdomo umefunguka. Kwenye filamu kila kitu kiko kinyume, cheusi ni cheupe na cheupe ni cheusi. Kwa hiyo Mama Pasi alijiona ana nywele nyeupe pe, kama alizonazo leo.

"Ulikuwepo," alimwambia.

Mzee aliporudi aliichukua filamu, akaingia chumba cha giza, akakaa humo kuliko inavyohitajika. Alitoka na picha mbichi, akaianika kwa vibanio kwenye kamba ya dada yake, katikati ya shati la mwalimu na foronya mbili. Wakaitazama wote wawili.

"Nilikuwa nimekupata vizuri," alisema Mzee. "Hii ndiyo bora kuliko zote."

"Basi kesho tuipeleke."

Wakaipeleka. Ukumbini picha arobaini zilikuwa zimeshatundikwa, taa ndogo juu ya kila moja, viti vimepangwa, nafasi ya saba wazi. Afisa akaita wafanyakazi wakae kumi na wawili. Picha ikasimamishwa juu ya kiti. Bendi ikaanza, na msichana wa gauni la vidoto akaimba ile ya chai, akakohoa kwenye ubeti wa pili, akamaliza. Hakuna aliyejongea mpaka mwisho.

"Ni nzuri," alisema Afisa Utamaduni. "Ila naona ni mwanamke anaimba."

"Ndiye mimi," alisema Mama Pasi.

"Ndiyo, mama, nakuona. Lakini wanawake wanaimba kila mahali. Nyumbani kwangu wapo watatu. Mtu anatoka mbali kuja kuona nguzo inaimba. Akifika akamkuta mwanamke anaimba, ajabu iko wapi?"

"Mimi si ajabu. Mimi ndiye niliyekuwepo."

"Sasa huku nguzo, hapa mwanamke. Watu watachanganyikiwa. Watauliza."

"Si vizuri wakiuliza?"

"Hatuna mtu wa kuwajibu," alisema Afisa, na alikuwa anasema kweli, nafasi hiyo ya kazi ilikuwa haijajazwa.

"Ulisema nikionekana mtaniandika."

"Nilisema na sijageuka. Picha ikitundikwa, kadi yako nitaiandika mimi mwenyewe. Lakini mwenye picha ni Mzee. Yeye aseme. Akitaka, tunangoja, anaziosha zote, tunafungua mwakani, bajeti ikiruhusu. Na nguzo itakuwa haipo, kwa hiyo siahidi watu watakuja."

Mama Pasi akageuka.

"Kaka. Sema."

Mzee Usipepese alitazama taa ndogo. Alitazama viti. Nje, kwenye mlango wa kioo, watu wawili waliokuwa wanapita walisimama, wakaweka viganja kwenye paji la uso, wakachungulia picha zake.

"Hii ya saba si lazima," alisema. "Arobaini zinatosha."

Mama Pasi aliiteremsha picha kutoka kwenye kiti.

"Haya," alisema. Akaomba gazeti la kufungia picha asiilowanishe njiani, wakampa.

Ufunguzi ulikuwa saa kumi alasiri na watu walijaa mpaka kwenye ngazi. Tarumbeta alikuja na suti nyeupe, kifaa cha kusikilizia sikioni na binti yake wa kumshika mkono. Aliketi mbele. Nguzo iliimba nyimbo tisa, yeye akasikiliza huku ameinamisha kichwa upande kama mtu anayepokea salamu zake. Mwishoni mwandishi wa habari alimwuliza mbona sauti ni ya mwanamke na kwenye sahani zote za redio ni ya kwake.

"Ukumbi ulikuwa na mwangwi wa namna yake," alisema Tarumbeta. "Unaweka sauti hapa, inatokea pale. Tulizoea."

Mwandishi akaandika. Tarumbeta akapewa cheti chenye fremu. Akamshika mkono Mzee Usipepese akausukasuka.

"Umeniweka katikati, rafiki yangu. Katikati kabisa."

"Ahsante," alisema Mzee, na macho yalimlowa, kwa kuwa hilo nalo alikuwa amelingoja.

Mama Pasi alikuwa safu ya tatu, amevaa nguo yake ya ibada. Tarumbeta alipokuwa anatolewa alisimama mbele yake.

"Ni wewe? Bado unafua?"

"Bado."

"Vizuri. Kazi ni kazi," alisema Tarumbeta, akaendelea na ngazi, binti akimhesabia.

Maonyesho yalikwenda vizuri. Malalamiko yaliyokuja yalikuwa ya aina moja tu. Wageni walikaa kwenye ukumbi ule ule unaoonekana pichani, wakageuza shingo kushoto, na nguzo hawakuiona. Wengine walisema wametapeliwa. Ofisi ya Utamaduni ikamwita fundi mwashi, akapewa picha tatu za kuangalizia, na kwa siku sita akajenga nguzo nyeupe upande wa kushoto wa jukwaa, na kilemba chake, na kivuli kilichopakwa kwa brashi. Haikufika darini, ilipungukiwa shubiri mbili, kwa hiyo haikubeba kitu. Wala haikuimba, lakini hakuna aliyeitarajia, kwa kuwa ilikuwa bado mpya. Watu wanapenda kuiegemea wakipiga picha kwa simu. Mzee Usipepese yuko pale kila siku na shati lake, huwaambia wasipepese.

Kwa dada yake hupitia jioni, na Mama Pasi humpa kiti na kikombe. Huongea habari za miguu yake, za bei ya mkaa, za mjukuu aliyeota jino. Nguzo hawaitaji. Siku moja Mzee alisema filamu zile arobaini bado anazo, ziko salama, ziko pakavu. Mama Pasi akasema ni vizuri, unyevu ni mbaya.

Picha ya saba ameitundika juu ya meza ya kupigia pasi. Chumba chake ni kidogo. Ukijitahidi sana utaingiza watu watano, nao wasipumue wote kwa pamoja, kwa hiyo msichana wa gauni la vidoto hukaa tu mdomo wazi, kiganja sikioni, akimtazama mtu wa pasi. Mama Pasi huimba mwenyewe. Huanza akiwa kwenye mikono ya shati, hufika ubeti wa pili akiwa mgongoni.

Wiki iliyopita mwalimu alikuja kufuata mashati yake, akasimama mlangoni mpaka wimbo ukaisha, kwa adabu.

"Mama Pasi," alisema, "hongera. Ile nguzo unaiiga vizuri mno."

"Ahsante, mwalimu."

"Nasema kweli. Ukifumba macho ni kama uko ukumbini. Ongeza mazoezi kidogo tu, utaifikia."

Mama Pasi aligeuza shati, akalinyoosha kola kwa kiganja.

"Hii niitie wanga, au niiache laini?"

"Tia kidogo," alisema mwalimu, akakaa kwenye benchi kungoja.